Maji ya Maganda ya Pasheni

Kila asubuhi dada yangu Ajiambo hupanga mapapai kwenye meza ya mbao nje ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga, mtaa wa Sofia, hapa Voi. Jua la Voi halimngojei mtu. Papai lililoiva asubuhi, jioni limelainika, na kesho yake hakuna mteja anayetaka hata kulishika. Yale yanayobaki tunayaingiza ndani, tunayamenya, na Dada anayapika jemu.

Mimi ni Nabwile. Nilitoka nyumbani Funyula, kule Busia, miaka miwili iliyopita nikaja kumsaidia Dada. Mume wake, shemeji Dishon, hukata katani katika shamba kubwa nje ya mji. Mtoto wao, Calvince, yuko darasa la nne.

Jemu ya Dada ilikuwa tamu. Lakini ilikuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa. Ukiipaka kwenye mkate inateremka, inashika kidole, inafika kwenye kiwiko.

"Mama," Calvince aliuliza siku moja, "hii ni ya kupaka ama ya kunywa?"

"Nyamaza ule," Dada akasema.

Dada alijaribu kuipika kwa muda mrefu zaidi. Ikawa nyeusi na ngumu. Kijiko kilisimama katikati ya sufuria na kukataa kutoka. Mara nyingine alitia unga wa mahindi mweupe, ule laini wa kufanya mchuzi uwe mzito. Siku hiyo jemu ilishika vizuri, tukafurahi, tukajaza chupa. Baada ya siku tano vifuniko vilianza kuinuka vyenyewe. Chumba kilinuka pombe.

Shemeji alifungua chupa moja, akanusa. "Hii ukiipeleka nyumbani," akasema, "wazee watakuombea baraka."

Hatukucheka sana. Wiki hiyo siku za kazi kwenye katani zilikuwa zimepunguzwa. Shemeji alikuwa akienda siku sita. Sasa alienda siku tatu.

Tulipokuwa tukila ugali jioni hiyo, alisema bila kumwangalia mtu.

"Mama Calvince, shule zikifungwa, wewe na mtoto na Nabwile mtarudi nyumbani. Mimi nitaacha hiki chumba. Nitakaa na wenzangu kwenye kambi ya wakata katani."

"Mpaka lini?" Dada akauliza.

"Sijui."

"Na shule ya Calvince?"

"Hata nyumbani kuna shule."

Calvince aliacha kutafuna. Dada alichukua sahani yake na kwenda kuiosha, ingawa bado ilikuwa na chakula.

Kulikuwa kumebaki tumaini moja. Morris, mpishi mkuu wa kambi moja ya watalii karibu na geti la mbuga, alikuwa ameionja jemu ya Dada. Aliipenda.

"Utamu upo, mama," alisema. "Lakini mgeni wangu anapaka, inamwagikia suruali. Niletee nyingine Jumamosi ya wiki ijayo. Ikisimama, nitachukua chupa kumi kila wiki. Ikimwagika tena, usinilaumu. Nitatafuta kwingine."

Kumi kila wiki zingetosha kutuweka Voi. Hilo tulilijua sote.

*

Jirani yetu wa mlango wa pili ni Tryphena. Watu humwita Mama Abby. Ni Mdawida, yaani Mtaita, wa kule juu Wundanyi. Hufanya kazi katika maabara ya chuo kimoja hapa mjini. Ana sauti ya kusikika ploti nzima, na hapendi kuona kitu kikiharibika.

Jumatatu alikuja kununua papai. Akaona chupa za jemu dirishani. Akachukua moja, akaiinamisha upande. Jemu ikaenda upande. Akaiinamisha upande ule mwingine. Jemu ikarudi.

"Mama Calvince, hii inatembea."

"Najua, Mama Abby. Usinicheke."

"Sikucheki. Jemu yako haina kitu cha kuishika." Akamgeukia shemeji, aliyekuwa ameketi mlangoni, hana kazi siku hiyo. " Baba Calvince, wewe unakata katani. Ukilikwangua jani la katani, unapata nini ndani?"

"Nyuzi," shemeji akajibu.

"Basi hata ndani ya tunda kuna nyuzi. Ila hizo ni ndogo sana, jicho haliwezi kuziona. Kila uzi umetengenezwa kwa vipande vidogo vidogo vya sukari vilivyoungana, kama shanga kwenye kamba."

"Ni sukari? Basi ni tamu," Dada akasema.

"Zikishaungana hivyo si tamu tena. Kazi yake ni kushikanisha tunda lisimong'onyoke. Zinaitwa pektini. Tunda likiiva sana, zile nyuzi zinakatika. Ndiyo maana papai linalainika. Sasa wewe unapika papai ambalo nyuzi zake zimekwisha, halafu unashangaa haishiki!"

Dada aliweka mikono kiunoni. "Hiyo pektini inauzwa wapi?"

"Ya dukani ni unga, inatoka mbali. Lakini Maxwell wa juisi hutupa nini kila siku?"

Maxwell ana kibanda cha juisi karibu na stendi. Kila jioni hutoa gunia zima la maganda ya pasheni.

"Maganda?" Dada akauliza.

"Maganda. Ile sehemu nene ya ndani, nyeupe nyeupe, imejaa pektini. Watu wanakunywa maji wanatupa dawa."

Mama Abby alitueleza jinsi ya kuitoa. Tuchague maganda ya pasheni zilizoiva, yaliyokamuliwa siku hiyo hiyo. Ya kijani tuache, yaliyooza tuache. Tuyaoshe vizuri na kuyakata. Tutie maji safi yafunike maganda. Kwa kilo mbili za maganda, tukamue ndimu nne. Tuchemshe kwa moto mdogo, bila kifuniko, kama saa moja.

"Ule uchachu wa ndimu ndio unaofungua ganda na kuziachia nyuzi ziingie majini," alisema. "Halafu mnachuja kwa kitambaa safi. Msikamue kwa nguvu, yaacheni yadondoke yenyewe. Na kabla ya kupika jemu, mniite. Tutayapima kwanza. Hatukisii."

*

Jumanne Dada alikuwa mezani na mapapai. Kazi ya kuchemsha ilikuwa yangu.

Nilichukua maganda kwa Maxwell, aliyoyakamua asubuhi hiyo, nikayaosha. Nikakata. Nikatia maji na ndimu. Makaa yalikuwa kidogo. Baada ya nusu saa niligusa ganda kwa uma. Lilikuwa gumu kama soli ya kiatu. Makaa yalikuwa yakizimika, na hatukuwa na mengine.

Hapo nikaiona chupa ya munyu kwenye rafu.

Kwetu hakuna nyumba isiyo na munyu. Tunachoma maganda makavu ya maharagwe, tunachuja maji katika majivu yake. Maji hayo ndiyo munyu. Ukipika majani ya kunde au mrenda, unatia kidogo. Mboga ngumu inalainika mara moja. Mama alitufundisha tangu utotoni.

Nilitia nusu kikombe. Sufuria ikatoa povu jingi, halafu ikatulia. Baada ya dakika chache maganda yalikuwa laini kama ndizi iliyoiva. Nilifurahi. Nilidhani vitu viwili vizuri vikikutana, vinazidi kuwa vizuri.

Dada alipoingia aliangalia. "Tayari? Umefanya haraka!"

"Yamelainika," nikasema.

Sikusema zaidi.

Mama Abby alipotoka kazini alikuja na glasi ndogo na spiriti ya duka la dawa. Alitia kijiko kimoja cha maji ya maganda, yakiwa yamepoa. Akaongeza vijiko vitatu vya spiriti. Akatikisa polepole.

"Tusubiri dakika moja. Pektini haipendi spiriti. Ikiwa ipo nyingi, itajikunja pamoja, mtaona donge. Ikiwa kidogo, mtaona vipande vipande."

Tulisubiri. Calvince alihesabu mpaka sitini. Ndani ya glasi hakukuwa na donge. Hakukuwa na vipande. Ni maji ya rangi ya kahawia tu.

Mama Abby alirudia mara ya pili. Hakuna kitu.

"Ajabu," akasema. Akanigeukia. "Nabwile, ulifanya kila kitu vile nilisema?"

Watu wote walinitazama. Watu wakinitazama, maneno yangu hukimbia.

"Ndiyo," nikasema.

*

Jumatano Dada alifunga mapapai yake mapema. Alikwenda moja kwa moja kwa Maxwell. Mimi nilimfuata nyuma na gunia tupu.

"Maxwell! Maganda uliyotupatia ni ya zamani!"

Maxwell alikuwa akimimina juisi. "Mathe, ya zamani? Si nilikamua hapa mbele ya macho yenu?"

"Hayana kitu! Tumechemsha, tumepima, hakuna kitu!"

"Sasa hata takataka yangu inapimwa?" Wateja walicheka. "Kesho mtaniambia mbu wangu wamekonda."

"Wewe ni mwongo. Uliyachanganya na yaliyooza."

Maxwell aliacha kucheka. Aliweka jagi chini. "Nimewapa bure. Sasa naitwa mwongo kwenye kibanda changu. Basi, mama, usirudi kuchukua maganda hapa. Nitampa mwenye mbuzi."

Tulirudi bila maganda. Tulipofika ploti Dada alisema, kwa sauti ya kupita ukuta wa jirani, kwamba Mama Abby naye huenda hajui anachosema, labda ni maneno ya vitabu tu. Nilimsikia. Nililikunja gunia tupu, nikalikunja tena.

Alhamisi asubuhi nilimkuta Dada amepiga magoti sakafuni. Alikuwa akikunja nguo za Calvince na kuzipanga kwenye begi. Alikunja sare ya shule, akaishika kidogo, akaifungua tena, akaitundika msumarini. Alikumbuka bado kuna wiki mbili za shule. Halafu akaendelea na soksi.

Nilichukua chupa ya munyu. Nikaenda mlango wa pili.

"Mama Abby," nikasema.

"Sema, mama. Mbona unaongea na mlango? Mimi niko huku."

Nikainua uso. "Nilitia hii."

Alichukua chupa, akainusa. Alitia tone kidoleni, akasugua kwa kidole gumba. "Inateleza kama sabuni. Ni nini hii?"

"Munyu. Maji ya majivu ya maharagwe. Maganda yalikuwa magumu, makaa yakaisha. Nikaogopa kusema."

Mama Abby alinitazama. Halafu alicheka mpaka akaketi kwenye ndoo. "Nyinyi watu wa Busia! Mnataka kila kitu kilainike!"

Machozi yalinijia. Aliacha kucheka, akanishika mkono.

"Sikiliza, Nabwile. Kwa kunde hukukosea. Munyu na moto vikiwa pamoja, vinakata zile nyuzi vipande vipande. Ndiyo maana mboga inalainika! Lakini sisi sasa tunazitaka hizo nyuzi zikiwa nzima. Tena munyu na uchachu ni maadui. Uliona povu?"

"Niliona."

"Hapo munyu ulikuwa ukipigana na ndimu zako. Munyu ukashinda. Sasa nenda umwambie dada yako."

"Twende pamoja."

"Nitasimama nyuma yako. Lakini mdomo ni wako."

Nilimwambia Dada. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini niliyasema yote, hata ile "ndiyo" yangu ya uongo. Dada alikuwa ameshika soksi moja. Aliiweka juu ya begi.

"Na mimi nimemtukana Maxwell bure," akasema.

"Pole, Dada."

"Siku nyingine useme, Nabwile. Mimi si simba. Ungesema Jumanne, leo tungekuwa tunapika."

Aliinuka, akachagua mapapai mawili makubwa kuliko yote, akayatia kwenye kikapu.

Maxwell aliyaona mapapai kabla ya kutuona sisi. "Hii ni rushwa ama ni msamaha?"

"Ni msamaha," Dada akasema. "Nilikukosea. Kosa lilikuwa jikoni kwangu."

Nilikuwa nimesimama nyuma. Nikajisogeza. "Kosa lilikuwa langu," nikasema.

"Kumbe huyu anaongea!" Maxwell akasema. Akavuta gunia kutoka chini ya meza. "Chukueni. Mwenye mbuzi atangoja."

*

Jioni hiyo Mama Abby hakutaka tuchemshe yote mara moja. "Kwanza tuone kwa macho," alisema. "Ili mtu asije akabishana na mimi tena."

Dada aliangalia chini. Alijua anasemwa yeye.

Tuliweka majiko mawili madogo. Tulitia maganda sawa, maji sawa. Sufuria ya kwanza ilipata ndimu. Ya pili ilipata munyu. Baada ya saa moja tulichuja na kuacha yapoe. Sufuria ya munyu ilikuwa nyeusi nyeusi, na maganda yake yamekuwa tope. Ya ndimu ilitoa maji ya rangi ya waridi, mazito kidogo. Ukiyashika kati ya vidole yanateleza na kuvutika.

Kabla ya kufungua spiriti, Mama Abby alimwambia shemeji atoe majiko nje.

"Spiriti inashika moto haraka sana," akasema. "Na hii ya kwenye glasi hakuna anayeonja. Calvince, umesikia? Ni ya kupimia tu. Tukimaliza tunamwaga."

Alipima. Glasi ya munyu haikuonyesha kitu. Katika glasi ya ndimu kitu kilianza kujikusanya. Kilikuwa kama ute wa yai unapoanza kuiva. Mama Abby alitia uma, akainua. Donge zima likaja, linaning'inia.

"Aa!" Calvince akapiga kelele.

Shemeji aliinama karibu, karibu kabisa. Alitazama donge lile kama mtu anayekagua katani iliyokaushwa. "Kumbe ni nyuzi kweli," akasema.

"Donge moja kubwa, pektini ni nyingi," Mama Abby akasema. "Kikombe kimoja cha maji haya kitashika vikombe viwili vya papai. Mngeona vipande vipande, mngechemsha maji yapungue, halafu mpime tena."

Usiku huo tulichemsha maganda yaliyobaki kwa ndimu, tukachuja na kupima, na Ijumaa tukapika. Vikombe viwili vya papai lililopondwa, kikombe kimoja cha maji ya maganda, vikombe viwili vya sukari, na ndimu mbili, kwa sababu papai halina uchachu wake wenyewe. Tulipomaliza sufuria moja tulianza nyingine. Tulichemsha chupa na vifuniko kwanza. Dada alikoroga, mimi nilishika sahani iliyopozwa kwa maji. Alidondosha jemu kidogo kwenye sahani. Tukangoja. Akaisukuma kwa kidole. Ikajikunja mbele ya kidole kama utando wa maziwa.

"Epua!" akasema. Tulijaza chupa jemu ikiwa moto na kufunga papo hapo.

*

Jumamosi nilimsindikiza Dada mpaka kwa Morris. Alitoka jikoni na sare yake nyeupe, kofia mkononi. Hakuuliza habari nyingi. Alifungua chupa moja. Halafu akaigeuza juu chini, juu ya kiatu chake.

Dada alifumba macho.

Mimi sikufumba. Nilitazama mdomo wa chupa. Jemu ilibaki pale ilipokuwa.

Morris aliagiza mkate. Akapaka, akausimamisha mkate wima kama ukuta. Akaonja. Akaonja tena, ingawa kuonja mara moja kulitosha.

"Umetia nini, mama? Si unga huu."

"Muulize huyu," Dada akasema.

Alinigeukia. Wapishi wawili wakasogea pia. Nilihisi maneno yanataka kukimbia. Nikayashika.

"Ni maji ya maganda ya pasheni," nikasema. "Tunachemsha na ndimu. Tunapima kabla ya kupika."

"Maganda? Yaani takataka?"

"Takataka ni ganda lililooza," nikasema. "Letu ni la siku hiyo hiyo."

Wapishi wakacheka. Morris naye akacheka. "Haya, nimekoma. Leteni kumi kila Jumamosi. Na mwezi ujao tuna wageni wengi, mjitayarishe."

Dada alisema asante mara nne.

Kazi ya shemeji bado ni siku tatu kwa wiki. Lakini siku zile nyingine hakai bure. Yeye ndiye huenda kwa Maxwell kuchukua maganda na kuyachagua, na hana mchezo. Ganda lenye doa hulirudisha. Maxwell humwita Bwana Mkaguzi. Munyu wetu tunautumia bado, kwa kunde, na chupa yake inakaa mbali na sufuria ya jemu. Jedidah wa chumba cha mwisho aliniomba nimwonyeshe yeye na wenzake wawili wanaotengeneza jemu ya mananasi. Niliwaonyesha. Walipouliza maswali, nilijibu.

Siku shule zilipofungwa, shemeji alirudi nyumbani amechelewa kidogo. Dada alikuwa akipakua mchuzi.

"Nimepitia kwenye mabasi ya Busia," shemeji akasema.

Mkono wa Dada ulisimama. "Kufanya nini?"

"Nilikuwa napita tu. Yule kijana wa tikiti akanishika shati. 'Mzee, ulisema utaleta familia. Ni watu wangapi?'"

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia basi lake liende. Watu wangu wana kazi."

Dada alirudisha kijiko kwenye sufuria na kumwongezea mchuzi.